Kuonekana Si Ujira

Siku hizi limezuka neno katika vijiji na miji ya kandokando ya Ziwa, nalo hunenwa na watu wa heshima, tena kwa uso mkunjufu. Wanena hivi: watoto wetu wachezapo mpira, kamera ikawapiga picha na kuzitawanya nchi nzima, basi wamekwisha kulipwa, maana kuonekana ni ujira. Neno hili ni tamu masikioni, na utamu wake ndio hatari yake. Sisi tufundishao, tunaowapanga watoto hao uwanjani jioni na kuwafunga vidonda vyao usiku, twataka kulipinga mbele ya wasomaji wetu kwa hoja wala si kwa hasira. Kila msomaji na atupime mwenyewe.

Kwanza tuondoe shaka moja. Hatusemi kwamba televisheni ni kitu kiovu, wala hatutaki kamera zifukuzwe viwanjani. Mzazi wa Ukara asiye na nauli ya kivuko na basi, akimwona binti yake akirusha mpira wa netiboli katika mji wa mbali, ana haki ya kufurahi, na furaha yake ni yetu pia. Ugomvi wetu ni juu ya mkataba: ni nani autiaye sahihi, ni nani apokeaye fedha, na ni nani arudiye nyumbani na goti lililovunjika bila mtu wa kumwuliza hali.

Yafaa tueleze haki za matangazo ni kitu gani, kwa kuwa wengi hulisikia neno wasijue maana yake. Mwenye mashindano ndiye mwenye lango la uwanja. Akipenda, huingiza kamera, asipopenda, huzizuia. Idhini hiyo ya kuingia na kurusha picha ndiyo iuzwayo. Mwenye televisheni huinunua, kisha naye huuza mara mbili: huwauzia watazamaji wanaolipia king'amuzi, tena huwauzia wafanya biashara dakika za matangazo. Katika biashara hii yote mchezaji hana mlango wake mwenyewe. Mkataba wa mataifa uliofanywa Roma mwaka 1961 hulinda waigizaji, waimbaji na wachezaji wa ngoma, tena huwalinda watangazaji; mcheza mpira hakutajwa humo, ila kila nchi imeachiwa hiari ya kuupanua ulinzi huo. Na mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mchezo wa mpira hauhesabiwi kuwa kazi ya mtunzi kama kitabu au wimbo. Maana yake ni nini? Maana yake fungu la mchezaji halitoki katika maumbile ya mambo. Hutoka katika maandishi ya mkataba. Mkataba ukinyamaza juu yake, amepata sifuri.

Sasa tuangalie nchi yetu. Mwaka 2013 Azam Media iliingia kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na klabu ya Yanga iliupinga mkataba ule hadharani. Hatuingii katika ugomvi wao. Twataja jambo moja tu. Ikiwa klabu kubwa kama ile, yenye viongozi, mawakili na mashabiki nchi nzima, ililazimika kupaza sauti ili isikiwe juu ya mkataba, je, mtoto wa kidato cha tatu kutoka Misungwi atasikiwa na nani? Kisha mwezi wa Mei mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu na Azam Media walitia sahihi mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ukigawa kwa miaka, ni zaidi ya bilioni 22 kila mwaka. Yaonyesha wazi kwamba picha za mpira wa nchi hii ni mali, tena mali inayokua.

Wengine watajibu kwamba hayo ni ya klabu kubwa, nasi twazungumza juu ya shule. Lakini hapa Mwanza mpaka kati ya shule na ligi ulikwisha kuvukwa. Timu ya Alliance, iliyozaliwa na shule za jina hilo mjini mwetu, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018 ikashuka mwaka 2020. Misimu miwili timu yenye asili ya darasani ilicheza mbele ya kamera pamoja na Simba na Yanga. Mwaka 2018 huohuo mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari yalifanyika hapa Mwanza, nao vijana wa mikoa yote ya Bara wakakusanyika kwetu. Basi asiseme mtu kwamba jambo hili ni la ng'ambo. Limekwisha kulala nyumbani mwetu.

Majirani nao wametangulia. Uganda ina ligi ya mpira ya vyuo vikuu tangu mwaka 2012, na michezo yake imeonyeshwa katika televisheni. Afrika ya Kusini ilianza mashindano ya raga ya vyuo vikuu, yaitwayo Varsity Cup, mwaka 2008, yakarushwa na SuperSport. Ni suala la muda tu kabla mtu hajafika na karatasi yake akitaka kununua michezo ya shule na vyuo vyetu. Zizi hujengwa kabla ng'ombe hawajafika. Anayejenga wakati ng'ombe wamekwisha kuingia shambani hujengea hasara.

Lakini nchi ambayo yatupasa kuitazama kuliko zote ni Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limezeeka, na mwenye kufuata nyuma hana udhuru wa kuanguka katika shimo lilelile. Tarehe 17 Mei 1939 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Columbia na Princeton walicheza besiboli mjini New York mbele ya kamera. Picha zilikuwa hafifu na wenye televisheni walikuwa wachache. Hapana aliyefikiri habari ya fedha. Baadaye chama cha michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kikashika mamlaka ya kuamua michezo gani ionyeshwe, hata mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi ile ilipokiondolea mamlaka hayo katika mpira wao, kwa kesi iliyofunguliwa na vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia. Tangu hapo mlango wa fedha ukawa wazi kabisa. Mwaka 2010 mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo yaliuzwa kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Mwaka 2016 ikaongezwa miaka 8 kwa dola bilioni 8.8, hata ufike mwaka 2032.

Na wachezaji je? Waliambiwa maneno haya haya tuambiwayo sisi: mnasoma, mnaonekana, mnafahamika, mwataka nini tena? Hata jina walilopewa, mwanafunzi-mchezaji, lilikuwa na kazi yake. Lilienezwa katika miaka ya 1950, wakati vyuo vilipoogopa kudaiwa fidia na walioumia. Mchezaji mmoja, Ray Dennison, alikufa kwa kuumia uwanjani akichezea chuo chake. Na mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo la Colorado iliamua kwamba mjane wake hana haki ya fidia. Tunawaomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini, maana hapo ndipo ubaya wa neno "kuonekana" hudhihirika. Anayeonekana na aumiapo haonekani tena.

Iliwachukua miaka mingi kusikiwa. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, aliona sura yake ikiuzwa katika mchezo wa kompyuta bila yeye kupata kitu, akaenda mahakamani. Na mwaka 2014 jaji akaona kwamba kanuni za kuwanyima wachezaji zilivunja sheria ya ushindani. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi, majaji wote 9 kwa sauti moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi nyingine kuhusu misaada ya masomo. Mwishowe mwezi wa Juni mwaka 2025 mahakama ilikubali suluhu ya dola zipatazo bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita, na kila chuo kilichojiunga kikaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake hata dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hesabuni wenyewe: tangu 1984 hata 2025 ni miaka 41. Vijana waliocheza mwanzoni mwa muda huo sasa wana mvi. Je, nasi twataka wajukuu wetu waende mahakamani kudai jambo tuwezalo kuliandika leo katika mistari mitano?

Tena fedha ya televisheni haikuishia kuwanyima, iliwahamisha. Umoja wa vyuo vya pwani ya magharibi, ambao asili yake ni mwaka 1915, ulivunjika mwaka 2023 ulipokosa mkataba wa televisheni wa kutosha, vyuo 10 kati ya 12 vikaenda kwingine. Tangu mwaka 2024 wanafunzi wa Los Angeles wako katika ligi moja na wanafunzi wa New Jersey, safari ya karibu kilometa 4,000, zaidi ya mara tatu ya njia ya Mwanza hata Dar es Salaam. Ni nani aliyepanga safari hiyo? Hakuwa mwalimu, wala mzazi. Aliyelipa ndiye aliyepanga ratiba, na darasa likangoja.

Basi turudi kwa wale wanenao kwamba kuonekana ni ujira, tuwajibu neno kwa neno.

Wanena kwanza: mtoto akionekana, atachukuliwa na klabu kubwa. Ni kweli, wako wachache watakaochukuliwa, nasi twawaombea heri. Lakini timu ina wachezaji kumi na mmoja na wa akiba, na mashindano yana timu nyingi. Akichukuliwa mmoja, mia wanarudi nyumbani. Ujira ulipwao kwa mmoja katika mia si ujira. Ni bahati nasibu. Tena mwuza sabuni hununua dakika za kuonekana kwa sababu kesho yake ana sabuni ya kuuza dukani. Mtoto wa miaka kumi na sita ana nini cha kuuza kesho yake? Ana mtihani. Kuonekana humfaa mwenye bidhaa. Na hapa bidhaa ni huyo mtoto mwenyewe, wala muuzaji si yeye.

Wanena pili: fedha itawaharibu watoto. Hapa twakubaliana nao nusu ya njia. Hatutaki mwanafunzi atiwe noti mkononi kila atiapo goli. Lakini fedha yenye kuharibu watoto, je, huwatengeneza wakubwa? Kama haifai kutiwa mfukoni mwa mtoto, haifai pia kupotelea mfukoni mwa mtu mzima. Na itiwe mahali panapoonekana: viatu, mipira, magodoro ya kambini, nauli ya basi lililo salama, dawa, na karo ya aliyevunjika mguu akakosa muhula.

Wanena tatu: hapana fedha yoyote, nani atanunua mchezo wa shule? Kama hapana fedha, basi hapana hasara kuandika kwamba zikipatikana zitagawanywa hivi na hivi. Anayekataa kuandika mgawanyo wa kitu asemacho hakipo, huyo ajua kwamba kipo.

Sisi watu wa Ziwa hatuhitaji mwalimu wa kigeni kutufundisha jambo hili. Tumeliona katika samaki. Viwanda vya sangara vilipojengwa mjini mwetu, minofu ilipakiwa ikaenda Ulaya, nasi tukabaki na mapanki, tukayakaanga na kushukuru. Mchezo wa watoto wetu nao waweza kukatwa hivyo hivyo: minofu kwa wenye kamera na wenye ofisi, mapanki kwa shule. Lakini tumeona pia mfano ulio mwema. Katika mialo mingi, mtumbwi wa dagaa urudipo asubuhi, kwanza hutolewa gharama za mafuta na taa. Kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi wake. Mwenye mtumbwi akiwaambia wavuvi, "Mmeonekana ziwani usiku kucha, huo ndio ujira wenu," usiku wa pili atavua peke yake.

Tumeliona pia katika pamba. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walipochoka na mizani ya wanunuzi, hawakuacha kulima. Walidai kuisoma mizani kwa macho yao, wakajiunga katika vyama, hata mwaka 1955 wakawa na muungano wao mkubwa wa vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani. Klabu ya Pamba, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1990 na kurudi Ligi Kuu mwaka 2024, bado yachukua jina la zao lile. Baba zetu walisema: tuonyesheni mizani. Sisi twasema: tuonyesheni mkataba.

Basi twataka nini? Twataka mambo matano, nayo si makubwa.

La kwanza, mkataba wowote wa kuonyesha michezo ya wanafunzi usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wazazi kabla ya kutiwa sahihi, na nakala yake ibandikwe ukutani mwa shule. Mkataba uogopao ukuta una jambo.

La pili, mgawanyo uandikwe kwa hesabu: gharama zitolewe kwanza kama katika mtumbwi; kisha fungu la shule zilizoleta wachezaji, fungu la viwanja, na fungu la walioumia ambalo haliguswi kwa kazi nyingine. Wasichana wa netiboli wapate sawasawa na wavulana wa mpira wa miguu, kwa maana jasho halina jinsi.

La tatu, saa za michezo ziwekwe na shule. Televisheni ije kwa wakati wetu. Isiwe mtoto aondolewa darasani, au achezeshwa usiku na kesho yake ana mtihani, kwa sababu mwenye kamera amepata nafasi saa hiyo.

La nne, mzazi aulizwe, na ajibu kwa maandishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwamba manufaa yake ndiyo yatangulie katika jambo lolote limhusulo. Tena tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sura ya mtoto si ukuta wa bure wa kubandikia matangazo. Na juu ya hilo, jezi ya mwanafunzi isichukue jina la pombe wala la kamari. Ni aibu gani kumfundisha mtoto hesabu asubuhi, na jioni kumvika kifuani jina la wale wawapotezeao fedha baba zake?

La tano, haki hizo zisiuzwe kwa miaka mingi. Miaka miwili au mitatu yatosha, kisha watu wakae tena wahesabu. Tena shule ibaki na picha zake, na fainali zionyeshwe bila malipo, ili mzazi wa kijijini asilazimike kulipa katika kibanda umiza kumtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Twajua yatakayosemwa juu yetu. Watasema walimu wamekuwa wapenda fedha, watasema tutawafukuza wafadhili. Twajibu: mfadhili akimbiaye kwa kuwa ameombwa kusoma mkataba wake mbele ya watu, hakuja kufadhili. Na mwenye nia njema atafurahi, maana mkataba ulio wazi humlinda yeye pia na masengenyo. Wala hatumtuhumu mtu yeyote kwa wizi. Twasema tu kwamba mlango usio na komeo hujaribu hata mtu mwema, na kuweka komeo si kumtukana jirani.

Ndugu wasomaji, wengi wenu ni wazazi, na baadhi yenu mmo katika kamati za shule. Mkutano ujao wa wazazi utakapoitwa, na mtu akasimama kuwaambia habari njema kwamba watoto wataonekana katika televisheni, mpigieni makofi, ni habari njema kweli. Kisha mmoja wenu asimame kwa adabu, avue kofia, aulize: mkataba uko wapi, na ukurasa wa mgawanyo ni upi? Asikae chini kabla hajajibiwa. Swali hilo halihitaji wakili wala elimu ya chuo kikuu, nalo likiulizwa katika kila shule kutoka Magu hata Sengerema, hapatakuwa na mtu atakayethubutu kufika na karatasi isiyo na ukurasa huo.